Nyumba ya Pili Kutoka Msikitini

Shoga, hebu nisikilize.

Nimemwekea bibi filamu ya kuchekesha, makuruti wa jeshi wanafunzwa kwata. Kaka Bwanausi akainuka kuwaigiza. Nami nashangilia, "Bwanausi hoyee!" Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja: "Usimtaje jina!"

Usimtaje jina! Ndipo akasema.

Vita vya Hitla, yeye ana miaka minane, gari la sinema likaja kijijini kwao Kerege na filamu kama hii. Makuruti kushoto kulia hawajui, wanaangukiana. Watu mbavu hawana. Kaka yake Majaliwa akaruka mbele ya shuka la sinema, akapiga kwata sawasawa. Makofi hayo!

Karani aliyekuja na gari akamwinamia bibi, anatabasamu: "Hodari huyu ni nani?"

Bibi kwa kujivuna akataja jina, akataja la baba, na nyumba: ya pili kutoka msikitini.

Karani akaandika. Shoga, akaandika!

Asubuhi askari hawakumuuliza mtu njia.

Majaliwa akapelekwa vitani, hakurudi. Mama yao amekufa akiuliza nani alimtaja mwanawe, na bibi ndiye aliyekuwa akimnywesha uji.