Nicodemus na Wimbo Wake wa "Kuota"

Chepkemei, keti kwanza.

Unamkumbuka Nicodemus, yule wa kamera aliyeshuti mazishi ya mamako huko Molo? Siku hizi ati ni mtunzi. Leo ametuletea huku studio wimbo wa ile drama ya kuimba tunayotengenezea TV. "Ni original, nimeuota." AMEUOTA!

Ni wimbo wako. Ule uliomtungia mamako. Ametoa tu "mama" akaweka "baby". Baby, Chepkemei!

Na huyo fala amekodisha kwaya gani? Akina mama wa kanisa lenu. Kabla awafundishe ubeti wa pili, wakauimba mzima, na jina la mamako ndani.

Akapiga makofi! "Waah, mnashika haraka!"

Mama Winrose wa hiyo kwaya akamwambia: "Kijana, huu tuliuimba kwa kaburi. Wewe ndiye ulikuwa umeshika kamera."