Kikombe cha Plastiki Dirishani

Mama kijacho,

Maziwa yamo kwenye sufuria. Usitafute vyombo vya plastiki, nimevitupa vyote alfajiri na gari la taka limeshapita.

Jana kwenye semina tuliambiwa baadhi ya kemikali za plastiki hujifanya homoni, na huenda zikazivuruga seli zinazojenga enameli, lile gamba gumu la jino. Likijengwa vibaya, halijengwi tena. Na meno ya mwanetu yanaanza kujengwa sasa, humo tumboni mwako. Usingizi ukaniruka.

Basi nikafagia jiko zima, pamoja na kikombe cha plastiki cha dirishani. Hapo ndipo nilipochemka. Kumbe mama yako alikuwa ameloweka meno yake humo. Mimi, fundi wa meno bandia, niliyeyatengeneza kwa mikono hii hii.

~~Mwambie paka kayachukua.~~ Haisaidii, mama mwenyewe aliniona nikilikimbiza gari nikiwa na nguo za kulalia.

Mpe supu, usimpe kitu kigumu. Mimi niko karakana namtengenezea mengine. Amenicheka mpaka machozi. Anasema sasa yeye na mjukuu wake wako sawa, wote wanangoja meno.

Baba kijacho