Kidole Nilichokificha kwa Piko

Maskati

Mdogo wangu Rukia,

Salamu zikufikie hapo Malindi, wewe na mumeo. Sukari yako imetulia? Mimi kwa mwanangu Salma nnalishwa kama mwali, alhamdulillah.

Nna la kukiri. Kwenye harusi ya mwanao nlikuwa na kidonda kidole gumba cha mguu. Hakikuuma, sukari ishaua hisia za mguu. Nikamwambia mpakaji hina, "Hapo zidisha piko," ile rangi nyeusi, watu wasione. Nikasafiri nacho. Daktari wa huku, mgeni wa mambo yetu, kuona weusi ule akashtuka: "Kidole kimekufa, kikatwe!" Salma akasema, "Daktari, hilo pambo la harusi." Walipokisafisha, kidonda kweli kimechimba ndani. Daktari akasema tungoje, kisipofunga atakata.

Sasa msikie mwanangu, yule mliyesema maabara si kazi ya mwanamke! Kila wiki anagusisha kikaratasi kidondani, kinanyonya majimaji, anakwenda kuyapima. Kumbe mle mna vitu vinavyokula nyama mpya. Vikizidi, kidonda hakifungi. Vikipungua, kuna matumaini. Nikazunguka nyumba za majirani kuwaambia mwanangu anapiga ramli ya vidonda. Akanijia juu: "Mama, si ramli! Ni utafiti, bado tunajifunza. Na kipimo hakiponyi. Kinachoponya ni dawa, kusafishwa, na wewe kutoukanyagia mguu huo."

Wiki ya pili vile vitu vikazidi. Akaniuliza, "Mama, umekanyaga?"

"Sikukanyaga."

"Na majirani wamejuaje habari zangu?"

Nikavuta kanga nikaufunika mguu, mdogo wangu. Majisifu yangu yalitaka kunila kidole. Tangu hapo nimekaa kitako, mguu juu ya mto, anayetaka sifa za Salma azifuate hapa. Na wanakuja! Wiki ya tatu vimepungua, ya nne zaidi. Jana daktari kaona nyama nyekundu, kasema habari ya kukata tuiache.

Rukia, tumetoka tumbo moja, nakujua kwa kuficha. Kabla hujapaka hina ya Idi, tazama nyayo zako kwa kioo. Ukiona hata lengelenge, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nisalimie shangazi yetu na bibi harusi wetu. Mwambie mpakaji nnakuja, na safari hii nitavua viatu mlangoni kwako mchana kweupe, anihesabie vidole kumi.

Dada yako akupendaye,
Mama Salma