Soksi ya Kiden

Gudele, 3 Machi 2025

Mdogo wangu Joy,

Salamu. Sisi tuzima, wewe je? Umenifungia simu tangu tugombane Krismasi, ndiyo maana naandika. Barua ataileta jirani anayeuza chai hapo Atlabara.

Tangu uache kazi shuleni ukaenda kufundisha chuo kikuu, mwalimu wa darasa, ustaz Cirillo, anamvalisha mwanangu Kiden ile soksi yako ya mkononi. Anaufunga mkono wake ulio mzima asubuhi mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Anasema ndiyo tiba uliyoiacha, mkono mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Mkono mgonjwa haushiki kijiko, Joy! Wenzake wanamaliza chakula chao cha asida, yeye anaitazama. Ijumaa alijikojolea kwa kushindwa kufungua kifungo. Mtoto wa miaka saba ana aibu yake. Wewe ndiye uliyeleta soksi, njoo uivue.

Dada yako,
Natalina

Atlabara, 7 Machi 2025

Dada Natalina,

Afya yangu nzuri, na hasira yangu pia haijambo. Soksi ni ya nusu saa, tena kwenye mchezo, na wakati wa chakula inavuliwa. Nani asiyejua hilo? Usinibebeshe ujinga wa Cirillo.

Pale shuleni nilikuwa peke yangu, na mkuu akanifanya mshika funguo za stoo. Watoto wananisubiri kwenye benchi, mimi napima maharage! Hapa nafundisha vijana kazi ileile ya kuwasaidia watoto kula, kuvaa na kuandika. Wakihitimu, kila mmoja atakwenda shule yake. Wewe unaona nimekimbia. Mimi nilichoka kuwa mmoja.

Mwambie Cirillo amvue soksi, khalas.

Mdogo wako,
Joy

Gudele, 12 Machi 2025

Joy,

Salamu nitakupa siku nyingine. Nilikwenda kwa Cirillo nimejiandaa kumtukana, akaniuliza, "Mama Kiden, mimi ningejuaje?" Ulikuwa unamvalisha mtoto soksi mbele ya darasa, kisha unaingia naye kile chumba chako na kufunga mlango. Alichoona ni kuvalisha tu. Siku moja alibisha hodi atazame, ukamwambia asikusumbue.

Na mimi haniamini. Anasema mama ana huruma, anataka kusikia kwa mtaalamu mwenyewe. Kiden nimemtoa shule. Analia anataka kurudi, lakini kwako.

Dada yako,
Natalina

Atlabara, 28 Machi 2025

Dada,

Hamjambo huko? Barua yako imenikasirisha siku zote hizi, na bado imenikasirisha, kwa sababu habari ya mlango ni kweli. Ijumaa ijayo nakuja na wanafunzi wangu. Mrudishe Kiden siku hiyo. Mwambie nitakuwepo mimi mwenyewe.

Mdogo wako,
Joy

Gudele, 5 Aprili 2025

Mwalimu Joy,

Natumaini u mzima, na kikao chenu kilikwenda vizuri. Wanafunzi wako walifika, wakatuambia umeitwa kikaoni.

Kiden alikaa langoni na soksi yake, hataki kuingia mpaka uje. Jua lilimpiga. Nilimvuta, akaning'ata. Basi msichana mmoja, Nyaboth, akaketi chini kando yake, akavaa ile soksi mkononi mwake mwenyewe na kujaribu kumenya karanga. Zikamwagika zote. Kiden akacheka, wakaingia pamoja. Mlango wa kile chumba chako ulibaki wazi na Cirillo alikuwa ndani. Nyaboth alimfundisha Cirillo wakati wa kuvua kwanza, wa kuvalisha baadaye. Saa ya chakula Kiden alikula kwa mkono mzima, na ule mgonjwa ukashikilia bakuli. Nyaboth ameahidi kuja kila Ijumaa.

Kwa hiyo ulisema kweli kuhusu wanafunzi wako, na inaniuma kukubali. Umewafundisha vizuri. Lakini mwanangu alikungoja langoni kwa sababu nilimpa neno lako, na hilo sikusamehe.

Usijisumbue kuja. Leo ameamka akiuliza Ijumaa ni lini, anamtaka Nyaboth. Wewe hakukutaja.

Mama Kiden