Kiti cha Lori la Asajile

Mjukuu wangu Neema,

Huku Iyunga hatujambo. Bibi yako amemaliza kuvuna viazi. Ile picha yako ukiwa kwenye usukani wa lori jipya ameibandika sebuleni, juu ya picha yangu mimi.

Umeniuliza kwa nini naponda kila lori la siku hizi, eti uso bapa kama sahani. Nikwambie ukweli.

Ujanani mimi na rafiki yangu Asajile tuliendesha malori ya pua ndefu, Mbeya hadi Iringa. Siku moja tajiri wetu akaleta lori la kwanza lisilo na pua, akampa Asajile. Wivu ulinikaba! Kila tulipoegesha nikawa nawaambia watu, "Lile likigonga, dereva ndiye bampa." Walicheka, nami roho ikatulia kidogo.

Basi tukirudi kutoka Iringa, langu likachemsha maji pale Chimala. Asajile akasimama, na wakati injini inapoa akaniambia, "Panda ulijaribu, ndugu yangu." Nikaliendesha. Hakukuwa na boneti ya kuniziba, barabara yote ilikuwa yangu. Niliposhuka akauliza, "Unalionaje?"

"Kiti kigumu," nikajibu.

Akanywea, akapanda lori lake akaondoka.

Kiti kilikuwa laini, Neema. Asajile tumeshamzika na sikuwahi kumwambia.

Ukipata safari ya huku, pita na lori lako hapa nyumbani unipandishe. Nikishuka nikasema kiti kigumu, usinywee. Nizungushe tena.

Babu yako