Daftari la Baba na Saa ya Kina Kemilembe

Jumapili, Aprili 1954. Mvua ilianza tukiwa kanisani na mpaka sasa haijakata. Mama yuko jikoni anamenya ndizi, nimemwambia naumwa kichwa.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mungu nimekuwa nikimzungushazungusha. Daftari la wagonjwa ambalo Baba anasema limepotea halikupotea. Nililificha mimi, stoo, ndani ya gunia la kahawa.

Naandika Kiswahili kwa sababu Mama alifundishwa kusoma Kihaya tu, cha Biblia na nyimbo. Akiona Kiswahili anadhani ni masomo. Baba anasoma vyote viwili.

Baba ni dresa, ndiye anayetibu wagonjwa kwenye dispensari ya serikali ya Mkama, mtawala wetu. Mwaka jana ilitangazwa barazani kwamba dispensari zote za Mkama zitashindanishwa, na inayohudumia watu vizuri kupita zote itapewa saa ya ukutani. Watakagua choo, maji ya kuchemsha, muda mgonjwa anaokaa kwenye benchi, na daftari. Baba alifurahi, akachimba choo kipya kwa mikono yake. Mimi sikuitaka ile saa kwa ajili ya wagonjwa. Niliitaka ili Kemilembe asiipate.

Kemilembe ni binti wa dresa wa ng'ambo ya bonde, na shuleni tunakaa dawati moja. Mwalimu akiuliza kwa Kiingereza, jibu ninalo. Linafika kooni, linakaa hapo hapo, mpaka Kemilembe anasimama na kulisema yeye. "Vizuri, Kemilembe." Kwa jibu langu. Ana sweta ya bluu. Hata mvua humngoja afike kwao kwanza.

Namzidi kitu kimoja tu: mwandiko.

Na daftari la Baba lilikuwa linatia aibu. Huandika huku anatibu, kwa hiyo kurasa zina ile dawa ya zambarau ya vidonda, zina alama za vidole, zina matone ya damu. Siku ya watoto wengi mistari inapanda mlima. Kibaya zaidi ni maneno yenyewe. "Kwinini imekwisha, nimemrudisha bila dawa." "Nimemkosea kipimo mzee huyu, nimemfuata kwake jioni." Nani anashinda saa kwa maneno kama hayo?

Baba hulileta daftari nyumbani kila jioni kwa sababu ya mchwa. Likizo nzima nilikuwa nikilinakili kwenye daftari jipya, kidogo kidogo, nikisema nafanya hesabu za shule. Majina, vijiji, magonjwa, kwa mwandiko wangu mzuri, wino mmoja. Na yale ya aibu nikayaruka. Kila aliporudishwa mtu bila dawa, mimi nikampa. Nilijisikia mkarimu kweli.

Asubuhi ya ukaguzi nikabadilisha madaftari kwenye mkoba wa Baba.

Nilikuwepo, nimebeba mtungi wa maji. Bwana Daktari kutoka Bukoba alisifu choo, akasifu benchi, akafungua daftari. Akafunua kurasa nyingi.

"Mwaka mzima kwinini haikuisha hata siku moja?"

Baba alikuwa bado hajaliona. "Iliisha, Bwana."

"Humu haikuisha. Mwezi wa sita na wa saba mimi mwenyewe sikuwaletea. Hawa watu wote mliwapa nini?"

Baba akasogea, akatazama. Nina namna yangu ya kukunja mkia wa herufi, Baba huicheka kila siku, anasema ni mkia wa mbuzi. Aliitazama ile mikia. Hakuinua uso kunitafuta.

"Daftari ni la dispensari yangu, Bwana. Nitalijibia mimi."

Wiki iliyofuata saa ilikwenda kwa baba yake Kemilembe. Daftari lake ni chafu kama letu lile la zamani, limejaa "dawa imekwisha" toka mwanzo hadi mwisho. Bwana Daktari alilinyanyua mbele ya watu, akasema, "Huyu ananionyesha ninapopungukiwa. Asiyenionyesha nitamsaidiaje?"

Ile saa ilikuwa yetu. Ilikuwa ndani ya mkoba, nikaitoa kwa mkono wangu.

Baba aliniuliza mara moja tu. "Asteria, lile la zamani umeliona?" Nikasema, "Sijaliona, Taata." Akasema, "Basi limepotea," akaenda kumkamulia Mama maziwa.

Keshokutwa, Jumanne, anatakiwa kwenye baraza la Mkama kujibu kwa nini alipeleka daftari la uongo. Wakimwona mwongo, kazi imekwisha. Mama ameshaanza kuzungumza habari za kuhamia Kyerwa kwa mjomba, tukalime.

Kulitoa gunia na kulifungua ni kazi ya dakika tano. Kwa nini wiki zote hizi sikulifungua? Hapa ndipo penye uchafu wangu. Daftari likitoka, watu watajua nani aliipoteza saa, na wa kwanza kujua atakuwa Kemilembe. Nimekuwa nikipima moyoni: Baba aonekane mwongo, au Kemilembe anicheke. Wiki tatu nimeona afadhali Baba.

Leo baada ya ibada Kemilembe alinishika mkono pale mlangoni pa kanisa, na ile sweta yake.

"Wee Asteria, siku hizi unanikwepa. Njoo kwetu usikie saa inavyogonga. Ikigonga, kuku wote wanakimbia."

"Kuna tope."

"Tope lenyewe umezaliwa nalo." Akacheka, kisha akaacha. "Baba anasema ile ya kuandika dawa ikiisha alifundishwa na baba yako, zamani walipokuwa pamoja Bukoba. Anasema hawezi kuamini kwamba baba yako aliandika uongo. Jumanne anakwenda kumsemea."

Nilitamani anicheke. Angenicheka ningemchukia vizuri, nikalala. Sasa hata wema ananizidi, na baba yake atamsemea baba yangu, na mimi mtoto wake nimekaa kimya.

Nilipofika nyumbani nikaenda stoo, nikalitoa, nikaja nalo chumbani kwangu. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo haya yote nayaandika huku nyuma, kwenye kurasa alizobakiza Baba mwisho wa daftari lake. Linanuka kahawa. Ukurasa wa kushoto ni mkono wake: "Imekwisha, nimemrudisha." Wa kulia ni mkia wa mbuzi.

Bado namwonea wivu. Sidhani kama utaisha leo.

Baba amerudi. Namsikia anakwangua tope la viatu kwenye jiwe la nje, kimoja, sasa cha pili. Anakuja huku. Nimeulalia ukurasa kwa kiwiko. Nikitaka kuuficha itabidi nilifiche daftari zima, au niuchane, na karatasi ikichanwa itasikika.

Anabisha hodi. Nyumba ni yake, hajawahi kubisha hodi mlango huu.

Ananingoja.

Naondoa kiwiko.