Nimemwambia daktari kuhusu zile kapsuli

Alhamisi. Jua latafuna mabati na humu hospitalini hakuna hewa. Lakini jasho hili langu si la joto. Naogopa.

Ni siku ya tisa tangu nimlete mwanangu Safiya hapa Amu kutoka Mbwajumali. Ana miaka miwili. Alikatwa na gome la chaza chini ya mguu, kidonda kidogo, hata hakulia sana. Sasa mguu umevimba hadi juu ya kifundo. Sindano za dawa mbili zimepita mwilini mwake kama maji ya kunawa.

Jana majibu ya maabara yalikuja. Sista alinieleza polepole: vijidudu vya kidondani ni sugu, dawa tunazompa haziviui. Tukahamishiwa chumba cha peke yetu. Kila aingiaye avaa glavu.

Bi Zuhura, tuliyekuwa naye kitanda kwa kitanda, alinitania: "Haya bibi, umepawa chumba cha waziri! Usitusahau." Nikacheka. Kisha nikamwona avuta kikapu chake kisiguswe na buibui langu.

Sikumlaumu. Naye ana mtoto.

Niandike la kweli, maana limenikaa kifuani. Siku ya kwanza daktari aliuliza tulimpa dawa gani nyumbani. Mavyaa, mamake mume wangu, alinitangulia: "Mwana hakupawa kitu, Bwana daktari." Nami nikanyamaza.

Kumbe tulimpa. Kwetu dawa iliyobaki haitupwi, yapita nyumba hadi nyumba kama chumvi. Jirani aliyezaa kwa kupasuliwa alibakiwa na kapsuli, akatugawia. Nilizifungua, unga mwingine nikanyunyiza kidondani, mwingine nikamlambisha na asali. Siku ya tatu kidonda kikakauka juu. Nikaacha, zilizobaki nikampelekea wifi yangu, mwanawe alikuwa aumwa sikio.

Nilijiona mama hodari.

Leo mavyaa alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, nilimwambia daktari yote. Nilingoja anikemee. Aliandika tu, kisha akasema, "Bi, ungenambia siku ile, nisingeanza na dawa ile ile." Nikamwuliza kama ni mimi niliyevipa vijidudu usugu. Akasema hawezi kuapa. Huenda ni zile kapsuli, huenda vilimpata humu humu hospitalini.

Kutojua huku ndiko kunakonila.

Akaniambia nimpigie wifi, kapsuli zisitumike tena. Wifi akacheka: "Weye nawe! Sikio lilipoa zamani. Zilizobaki nilimpa mama, za goti."

Mama yake ndiye mavyaa. Za goti, ya Rabbi!

Mavyaa aliporudi nikamwambia nimeshanena kila kitu. Kisha akafungua fundo la leso, akatoa kapsuli tatu, akaniwekea mkononi. "Mpe sista." Hakuniangalia.

Dawa mpya imeanza alasiri kwa dripu. Hapa haikuwapo, imeletwa kwa ndege hadi kiwanja cha Manda. Daktari asema yataka siku mbili kuonyesha kitu. Ikishindwa hii, tutakaa naye tuzungumze juu ya mguu. Sikumwuliza mazungumzo gani.

Lakini leo Safiya amekunywa uji nusu kikombe. Jana alitema wote. Hilo nalishika kwa mikono miwili.

Asubuhi nikiamka, nimguse wapi kwanza, kipaji cha uso au mguu?